Punda wa Nyumba, Farasi wa Jumapili

Machi, na Riga bado ina theluji kwapani.
Mezani jikoni, kati ya maziwa ya Madara
na bili ya kupasha nyumba moto,
nimetandaza karatasi tatu za bei.
Ya kwanza: shusha gari sentimita nne.
Ya pili: ng'oa kila kitu, funga kipya.
Ya tatu ameiandika fundi Guntis kwa penseli
nyuma ya risiti ya mafuta, neno moja tu:
raba.

Gari letu ni la kijivu, refu nyuma,
lina makombo ya biskuti mshononi mwa kiti
na harufu ya mbwa aliyekufa mwaka juzi.
Mwezi mzima ni punda: shule, soko, hospitali.
Jumapili moja naweka helmeti palipokaa viazi,
naliingiza kwenye njia ya mbio kati ya misonobari,
na punda anaambiwa: leo wewe ni farasi.

Hujitahidi, maskini.
Kwenye kona ndefu ya kulia hulala ubavu
kama mlevi aliyeuona ukuta,
pua inachimba, mkia unanyanyuka,
usukani unauliza na tairi zinajibu kesho.

Kwa hiyo nilitaka ugumu. Ugumu mtupu,
kama wa rafiki yangu Raitis, aliyefunga springi
ambazo lori lingezionea haya.
Kwenye lami laini hupita kama kisu.
Nilipanda naye kwenda sokoni, juu ya mawe ya mtaa wa zamani;
meno yalihesabiana,
na nilipofika nilikuwa nimesahau nilichotumwa.

Dzintra hakubisha. Dzintra habishi.
Alimchukua mama yake, Velta, mwenye nyonga ya chuma,
akamkalisha nyuma ya gari la Raitis,
akampakatisha chupa pana ya uyoga wa siki,
bila kifuniko.
"Zungukeni mtaa mmoja," akasema, "kisha tuzungumze."

Harufu ya siki ilitangulia kurudi.
Velta akashuka, uyoga mmoja begani kama nishani.
"Mkwe wangu," akasema, "mimi tayari nina chuma mwilini.
Kinanitosha."

Guntis alipandisha gari kwa jeki,
akapenyeza nondo, akabonyeza kidogo.
Mkono wa gurudumu ukacheza
kama jino la mtoto wa miaka sita.
"Unataka viatu vya mbio," akasema,
"na kifundo kimeteguka."
Kisha, akifuta vidole:
"Springi ni hasira. Shokapu ni adabu yake.
Ukizidisha hasira bila adabu, gari litadundadunda kona nzima,
na tairi iliyo hewani haishiki kitu,
hata uinunue kwa bei ya ng'ombe."

Basi raba mpya, chini kote.
Springi zilizozidi za kiwandani kwa chembe tu.
Ufito mnene nyuma, wa kuzuia kulala.
Na fedha zote zilizosalia, pamoja na za zulia la sebuleni
(hilo Dzintra halijui, au analijua na amenyamaza),
zikaenda kwenye shokapu zenye kitufe cha kuzungusha,
mibofyo kumi na sita, kutoka mto hadi jiwe.

Mei. Kona ile ile.
Gari lililala kidogo,
kama mtu anayekuinamia akusikie,
likashika, likasubiri nikanyage mafuta.
Raitis alinipita hata hivyo. Mbali.
Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti.

Jioni langoni nilipiga magoti kwenye changarawe,
nikarudisha kila gurudumu mibofyo minane.
Dzintra alikuwa amewaleta kwa basi, twende nyumbani pamoja.
Madara akalala kabla ya daraja.
Tulipoanza mawe, nikatega sikio nyuma:
chupa ya uyoga, safari hii imefunikwa,
ikagonga kitu, mara moja, polepole.

"Bado mmoja," akasema Velta gizani.

Nikaegesha kando. Nikashuka na tochi.